Wodi, soba au nyumbani: mzee anayekunywa apelekwe wapi?

Baba mkubwa alikuwa akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Tukadhani uzee. Saa mbili asubuhi sosa ina chai nyingi kuliko kikombe, jasho linamtoka kwenye paji la uso na feni inazunguka juu yake. Kisha ananyanyuka, "Ngoja nikatafute bisibisi stoo," anakaa huko dakika kumi, anarudi mkono umetulia tuli na maneno yamemrudia mdomoni. Ilituchukua karibu mwaka mzima kulifungua lile sanduku lake la vifaa. Chini ya koleo na misumari kulikuwa na vichupa vitatu vidogo vya Konyagi, viwili vitupu.

Alikuwa na miaka 66, fundi mitambo mstaafu, mtu wa presha na sukari. Kikao cha familia kilikaa Jumapili ileile jioni, na kama vilivyo vikao vyetu, kila mtu alikuja na jibu lake mfukoni. Shangazi alitaka afungiwe chumbani siku saba, aombewe. Kaka mkubwa alikuwa ameshapiga simu soba, yaani nyumba ambako watu huenda kuishi ili waache ulevi. Mama mkubwa alitaka hospitali lakini aliona haya kulisema: mtu mzima, mzee wa kanisa, akalale wodi moja na wagonjwa wa akili? Mimi sikuwa na la kuchangia kwa sababu sikujua tofauti ya moja na nyingine. Naiandika hapa tofauti hiyo kama nilivyokuja kuijua, kwa walio na kikao kama hicho wiki hii.

Kwanza ujue anatumia nini

Watu huuliza, "Soba gani nzuri?" Hilo ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni kitu gani kinachoingia mwilini, maana vilevi havifanani siku ya kuviacha.

Mtu wa unga, yaani heroini, akikosa anapata arosto: mifupa inamuuma, tumbo linamwendesha, pua zinachuruzika, usingizi haupo. Anatamani kufa, lakini kwa kawaida hafi, ilimradi asiachwe akaukiwe maji. Mtu anayekunywa pombe nyingi kila siku akiachishwa ghafla anaweza kufa. Vilevile mtu aliyezoea vidonge vya kutuliza kama Valium kwa miaka. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa mtaani unga ndio unaoogopwa na pombe ni starehe tu.

Pombe ina ratiba yake ya kutoka. Kuanzia saa 6 hadi 12 baada ya tone la mwisho inakuja mitetemeko, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Kufika saa 48 baadhi wanakuwa wameshapata degedege, hata kama maishani mwao hawajawahi kuwa na kifafa. Siku ya pili hadi ya nne ndipo wengine wanaingia kwenye kuweweseka: homa, wadudu ukutani, mazungumzo na watu wasiokuwepo. Madaktari wanaiita deliriamu tremensi. Sisi tunaiita majini, au amerogwa, na mgonjwa anapakiwa kwenye bajaji kupelekwa kwa mganga saa zilezile ambazo alipaswa kuwa chini ya macho ya muuguzi.

Kwa hiyo kabla ya kupigia simu mahali popote, muulize mzee wako, na muulize kwa adabu. Kuna maswali manne yanayotumika duniani kote, yaliyotungwa na daktari John Ewing wa Marekani na kuchapishwa mwaka 1984. Umewahi kuona inabidi upunguze? Unaudhika watu wakikusema kuhusu pombe? Umewahi kujilaumu kwa sababu ya kunywa? Umewahi kunywa asubuhi, kitu cha kwanza, ili utulie? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kumpeleka kwa daktari. Kwa wazee wetu mimi ningeanza na hilo la nne, kwa sababu lina jina mtaani na halimvunjii mtu heshima: "Baba, siku hizi unazimua?" Mzee anayezimua kila asubuhi ili mkono utulie, mwili wake umeshafungwa na pombe. Huyo haachishwi chumbani na haachishwi na shangazi.

Mwili wa miaka 60 na kitu

"Nakunywa kilekile nilichokuwa nakunywa kazini," baba mkubwa alikuwa akisema, na hakuwa anadanganya. Kilichobadilika ni mwili. Mtu akizeeka, maji mwilini yanapungua, na pombe hujichanganya kwenye maji. Bia ileile ikikuta maji machache inakuwa kali zaidi kwenye damu. Chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za alkoholi. Taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza ulevi huwashauri watu waliozidi miaka 65, wenye afya na wasiotumia dawa, wasivuke vinywaji 7 kwa wiki, kila kimoja gramu 14. Ukipiga hesabu kwa chupa zetu unapata kama tano, za wiki nzima. Baba mkubwa, ukijumlisha na vichupa vya stoo, Jumanne haikuwa inaisha hajazivuka.

Na alikuwa na dawa juu. Vidonge vya kushusha sukari vya aina ya glibenklamaidi vikikutana na pombe kwenye tumbo tupu, sukari inaporomoka hadi mtu anazimia. Pombe pamoja na dawa za usingizi hupunguza kasi ya pumzi. Warfarini, ile ya kuzuia damu isigande, inavurugika kabisa.

Tatizo jingine ni kwamba dalili za ulevi na dalili za uzee zimevaa nguo moja: kusahau, kuanguka, kukonda, kukosa usingizi. Alipoanza kuangukaanguka, tulimnunulia mkongojo.

Wodi na soba

Kaka alishinda kikao. Vichupa vikamwagwa kwenye sinki Jumapili jioni mbele ya mwenyewe, na Jumatatu mchana tukampeleka soba. Tulijisikia watu wa maana sana.

Nyumba yenyewe ilikuwa safi na wenyeji wake wakarimu. Vijana kama thelathini, karibu wote chini ya miaka 35, wa unga na bangi. "Shikamoo babu," wakamwamkia mmoja mmoja. Vitanda vya chini vilikuwa vimejaa. Kijana mmoja akatoa godoro lake akapanda juu ili babu asipande ngazi. Ratiba imebandikwa mlangoni: kuamka saa kumi na moja alfajiri, usafi, sala, uji, kikao cha kushirikishana, kazi za mikono, kikao tena. Ni ratiba nzuri. Imepimwa kwa mwili wa kijana wa miaka 25.

Usiku wa Jumanne akaanza kumwita fundi mwenzake amshikie spana. Fundi huyo tulimzika 1998. Vijana walicheka mwanzoni, kisha wakaogopa. Aliyekuwa zamu ni kijana aliyepona unga mwenyewe. Arosto ya unga anaijua kama nyumba ya mama yake, na kwa arosto hiyo ushauri wake ni sahihi: oga maji, kunywa maji, vumilia, siku ya tano inakatika. Ndicho alichomwambia. Saa nane usiku mzee akaanguka bafuni. Simlaumu yule kijana hata kidogo. Sisi ndio tuliompa mgonjwa asiyekuwa wake.

Hospitalini ndipo niliponyamaza nikaangalia. Jambo la kwanza lililofanyika lilikuwa sindano ya vitamini B1, kabla ya dripu. Nikamuuliza muuguzi kwa nini wasianze na dripu ya glukosi, maana mtaani mlevi akizidiwa dispensari humtundikia glukosi moja kwa moja na watu wanaona ametibiwa. Akanieleza kwamba mlevi wa muda mrefu hana B1 mwilini, na sukari ikiingia peke yake inamalizia hata ile kidogo iliyobaki, ubongo unaumia: macho yanacheza, miguu inapepesuka, kumbukumbu inapotea na wakati mwingine hairudi. Kwa hiyo B1 inatangulia au inakwenda pamoja na glukosi. Ukitoka na jambo moja kwenye maandishi haya, litoke hilo. Liseme kwenye dispensari yoyote utakayomfikisha mzee wako. Kama sukari yenyewe imeshuka sana hawatachelewesha glukosi, lakini wakumbushe B1.

Baada ya hapo wakapima sukari, chumvichumvi za damu, wakapiga picha ya nyonga, wakaanza dawa ya kutuliza ya jamii ya Valium, dozi inapanda na kushuka kufuatana na alama walizokuwa wakijaza kwenye fomu: mkono unatetema kiasi gani, jasho kiasi gani, anajua leo siku gani. Kwa mzee, au mtu ambaye ini limechoka, madaktari wengi wanapenda lorazepamu kuliko Valium yenyewe, kwa sababu Valium hukaa mwilini siku nyingi na kumfanya asinzie hadi aanguke tena. Hakuna soba niliyowahi kuiona yenye fomu ile.

Alilala siku tisa. Na hapa wodi nayo nitaisema ubaya wake. Usiku ina kelele. Ndugu lazima mpokezane, mmoja wa mchana, mmoja wa usiku, na chakula kitoke nyumbani. Dawa nyingine unaambiwa ukanunue nje. Zaidi ya yote, mwili ukitulia wanakupa barua ya kuruhusiwa na tarehe ya kliniki, basi. Wodi inaitoa pombe kwenye damu. Haina muda wa kushughulika na stoo, na sanduku, na kwa nini mtu wa miaka 66 anajificha na bisibisi.

Soba inao muda huo. Unaishi miezi mitatu, minne, mbali na baa, katikati ya watu ambao hawashangazwi na lolote utakalosema. Zanzibar ndiko nyumba hizi zilikoshika kasi tangu 2009, zikifuata zile hatua 12 za AA, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ulioanzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Bara zikafuata, na leo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inazisimamia kwa jina la nyumba za upataji nafuu. Nimeona watu waliookolewa na soba, sitaki mtu asome hapa akadhani nazibeza. Mzee mwenye nguvu zake, ambaye chumba chake kimepakana na kilabu, au anayeishi na watoto wanaotumia, soba inaweza kumfaa kuliko nyumbani. Lakini aingie akitokea wodini, mwili ukiwa umeshatulia, akiwa na orodha ya dawa zake za presha mkononi.

Kwenye fedha, usilinganishe bei ya siku. Soba unalipa kwa mwezi, na juu yake wanakutoza pia godoro, sabuni, wakati mwingine vipimo vya kuingilia; mzee akiugua, hospitali ni juu yako. Wodi ya serikali ni ya siku chache. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na asiyejiweza anastahili kutibiwa bila malipo, kwa hiyo nenda na kitambulisho, ulizia dirisha la wazee, na kama ana kadi ya bima ya kustaafu uliza mapema inagharimia nini upande wa afya ya akili. Familia nyingi hulipa soba miezi mitatu ndipo zigundue kuwa hatua ya kwanza ingeweza kuwa ya bure.

Aibu ya wodi ya wagonjwa wa akili, naielewa. Mama mkubwa alikaa nayo siku mbili. Ya tatu alikuta kitanda cha jirani kuna mwalimu mkuu mstaafu, shida ileile, mkewe anamnyoa ndevu. Wakabadilishana namba za simu.

Kutibiwa ukitokea nyumbani

Hii ndiyo njia ambayo wazee wengi wangeipenda na ambayo kwa wengi inatosha, tena ndiyo inayosemwa kidogo kuliko zote, labda kwa sababu haina jengo la kuonyesha ndugu.

Inamfaa nani? Anayekunywa jioni lakini hazimui. Ambaye hajawahi kupata degedege wala kuweweseka alipokosa. Ambaye moyo na sukari vimetulia, na nyumbani yupo mtu mzima asiyekunywa ambaye atakuwepo usiku. Anakwenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, anapewa dozi za siku chache, anaonwa kila siku au kila baada ya siku moja wiki ya kwanza. Sharti moja likikosekana, rudi kwenye wodi.

Mara nyingi anayefaulu kwa njia hii ni yule aliyeanza kunywa sana baada ya kustaafu. Wataalamu huwatenga wazee wanywaji katika makundi mawili: waliokunywa tangu ujana wakazeeka nao, na waliochelewa kuanza, baada ya kazi kwisha, au mke kufa, au watoto kuhama. Kundi hili la pili huwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona. Tunao wengi. Mtu aliishi miaka 35 kwa kengele ya kazini. Siku moja anapewa mkono wa kwaheri, mkupuo unaingia benki, na kesho yake saa mbili asubuhi hana pa kwenda. Kijiwe kinachompokea bila kumuuliza kitu ni baa.

Baadaye zipo dawa za kupunguza hamu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya ulevi wa pombe. Naltreksoni hapewi mtu anayetumia unga, methadoni (dawa inayotolewa hospitalini badala ya unga) au tramadoli ya maumivu, na ini linaangaliwa. Akamprosati hupitia kwenye figo, nazo zipimwe. Ya tatu, disulfiramu, ni ya zamani: mtu akiinywa kisha akagusa pombe, uso unawaka, anatapika, moyo unakwenda mbio. Kuna wake na watoto wanaoinunua wakamchanganyia mzee kwenye mchuzi bila yeye kujua. Naomba msifanye hivyo. Mzee mwenye moyo mbovu akiongeza Konyagi juu ya mchuzi ule mnaweza kuita watu wa msiba.

Mzee wa unga

Wapo, na wanaongezeka. Heroini iliingia pwani yetu miaka ya 1980. Walioanza nayo wakiwa na miaka 20 sasa wamefika 60 au wanaikaribia. Hawa usiwapeleke kwenye mjadala wa wodi na soba kwanza. Waulizie methadoni.

Muhimbili ilifungua kliniki yake Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoani, Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga. Zanzibar wanaipata Kidongo Chekundu. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 pale Mathari, kisha Pwani. Dawa ni ya kunywa, mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, na katika kliniki za serikali za Tanzania haina malipo. Gharama ni nauli ya kila siku na miguu ya mzee. Kama kliniki iko mabasi mawili kutoka nyumbani, panga kabla hajaanza, maana kukatizakatiza kunamrudisha kijiweni. Aombe kupimwa umeme wa moyo kabla dozi haijapanda. Akiwa kwenye dawa za TB yenye rifampisini aseme siku ya kwanza, kwa sababu rifampisini inaichoma methadoni mwilini na arosto inarudi ilhali amekunywa dozi yake yote.

Na methadoni haitibu pombe. Nalisema kwa sababu jirani yangu alimpeleka baba yake mnywaji wa gongo kupanga foleni ya methadoni siku mbili.

Bibi wa vidonge

Huyu haonekani kabisa. Hanywi, hanuki, yuko kwenye kochi. Alipewa Valium wiki mbili alipofiwa, duka la dawa likaendelea kumuuzia bila cheti, mwaka wa nane huu. Kwake hakuna soba wala wodi, isipokuwa akishaumwa. Kinachotakiwa ni daktari mmoja mvumilivu wa kupunguza kidonge kidogokidogo, wiki kwa wiki, pengine miezi. Mkivitupa vidonge chooni siku moja mtamletea degedege. Kwa bibi, mahali bora ni nyumbani, na baada ya daktari, mtu wa kuonana naye ni muuza dawa wa pale kona, aujue mpango huo.

Maombi na vikundi

Shangazi hakuwa mjinga. Kosa lake lilikuwa kwenye saa. Siku nne za kwanza ni za hospitali. Baada ya hapo kanisa, msikiti, rukya au kikundi cha hatua 12 vinafanya kazi ambayo daktari haiwezi: kumpa mzee mahali pa kwenda jioni na watu watakaouliza asipoonekana. Vikundi vya AA viko Nairobi na Dar na miji mingine, havitozi ada. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka 2020 uliona mfumo huo unawasaidia watu kukaa bila pombe sawa na tiba nyingine za mazungumzo au kuzizidi. Ila mahali popote pa maombi panapofunga watu minyororo, au panapomwambia mzee aache vidonge vya presha kwa imani, geuza gari.

Wenzetu wa Marekani, ambako wastaafu wana miji yao kabisa, Sun City ya Arizona ikiwa imefunguliwa tarehe 1 Januari 1960, waligundua kitu hiki mapema: baa ya klabu ya gofu iko hatua chache kutoka mlangoni na hakuna kazi kesho. Mwongozo wao wa serikali kuhusu wazee unapendekeza tiba ya rika lao, ya polepole, yenye heshima, isiyo ya kufokeana. Waswahili wanaowahudumia wazee huko watakwambia habari zilezile za chupa kwenye kapu la nguo chafu. Huku kwetu soba ya wazee peke yao mimi sijaiona, na hiyo ndiyo sababu nyumbani, kwa mtu wa miaka 66, naiweka juu kuliko wengi wanavyoiweka, ilimradi wodi imetangulia.

Baba mkubwa alirudi nyumbani siku ya kumi. Sanduku la vifaa lilitoka stoo likahamia barazani. Saa mbaya kwake ilikuwa saa kumi na moja jioni, saa ya zamani ya kutoka kazini, kwa hiyo saa hiyo ndipo majirani walipoanza kuambiwa walete feni na pasi zao mbovu. Pensheni mwenyewe ndiye anayeichukua; mama mkubwa alikataa katakata kumnyang'anya kadi, akasema huyu si mtoto. Alirudia pombe mara moja, kwenye harusi, siku mbili. Tukampeleka kliniki asubuhi ya tatu bila kikao.

Kupiga simu

Ukifikia hatua ya kuchagua nyumba, Tanzania piga 119 ya ile Mamlaka ya Dawa za Kulevya, Kenya 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bure zote, uulize iwapo nyumba hiyo inatambuliwa. Kisha ipigie nyumba yenyewe. Usiulize kuhusu chakula wala bustani. Uliza nani anakuwa macho saa nane usiku na amesomea nini. Uliza dawa za presha na sukari anazitunza nani. Uliza mzee wa mwisho waliyekuwa naye alikuwa na miaka mingapi. Uliza kama mnaruhusiwa kumwona wiki ya kwanza. Anayekataza kabisa akupe sababu inayoeleweka.

Mwezi uliopita nilizipigia nyumba nne kwa ajili ya yule jirani ambaye baba yake anakunywa gongo. Ya kwanza ilinipa bei kabla sijamaliza salamu. Ya pili ikasema usiku yupo msimamizi. Ya tatu ina muuguzi, anaondoka saa kumi. Ya nne alipokea mama mmoja mwenye sauti ya usingizi, akanisikiliza, akauliza, "Mzee wako ana miaka mingapi, na amekunywa lini mara ya mwisho?" Nikamwambia 70, leo asubuhi. Akasema, "Basi mwanangu, usimlete kwangu. Mpeleke hospitali leo hii, mniletee wakimruhusu." Namba yake ndiyo niliyompa jirani.